Jina la Binti wa Asajile

Sogeeni, nina kesi iliyokosa hakimu.

Kule Kyela walikuwapo marafiki watatu waliopiga picha mashamba ya mpunga kwa droni. Sekela alijua kuchomelea nyaya nyembamba kama unywele. Lugano alikuwa na subira ya kubishana na kompyuta. Ipyana alikuwa rubani. Droni ikiwa hewani, ilimtii.

Masika moja, Asajile alivuka mto kwenda mjini kufuata sindano za kuzuia damu. Mkewe, Tupokigwe, alikuwa amejifungua binti kwenye zahanati ya kijijini, na damu haikukatika. Dawa aliipata. Aliporudi mtoni, daraja lilikuwa limezolewa na maji.

Simu ikalia. Alikuwa mkunga, Bi Subilaga.

"Uko wapi, mwanangu? Mwenzio anaishiwa nguvu."

Asajile akakimbilia kwa wale marafiki, waliokaa upande uleule wa mjini, dawa kifuani.

"Droni ipo," Ipyana alimwambia, "ila haisikii."

Ilikuwa imeanguka, na kipokezi, kile kidude kinachopokea amri za rimoti na kuufikishia ubongo wa droni, kikavunjika. Kipya kilikuwepo, bado hakijafungwa.

Sekela akawasha kichomeo. Akaunga waya wa chanya, kisha wa hasi. Alipokuwa akiunga ule wa kupeleka amri, tone la moto la madini ya kuungia nyaya likamdondokea kidoleni. Angetikisika, waya ungegusa wa jirani na ubongo ungeungua. Hakutikisika. Asajile aliiona ngozi ikivimba, akageuza uso.

Taa ya kipokezi ikawaka. Ipyana akagusa rimoti: kimya.

"Basi tena," Sekela akasema, akiketi chini.

Lugano peke yake hakukata tamaa. Akachomeka kompyuta. "Kipokezi kinaongea. Ubongo ndio unasikiliza mlango mwingine, si huu alioungia Sekela." Akajaribu mpangilio huu, akaufuta, akajaribu ule, Asajile akimwomba Mungu kimoyomoyo, mpaka droni ikaitikia rimoti. "Inasikia!"

Ipyana akafunga dawa chini ya droni. Upepo ulivuma, mvua ikinyesha, na kazi ya droni ile ndiyo iliyowalisha yeye na mama yake.

"Ikipotea je?" Asajile akauliza.

"Dawa ikivuka, inatosha, kaka."

Ikavuka ikiyumba, ikatua uani kwa zahanati. Bi Subilaga alipokwisha kufungua kifurushi, droni ikaruka kurudi, upepo ukaibwaga mtoni, ikazama.

Kisha simu. "Damu imekata, Asajile. Anaomba uji." Mwanamume yule akakaa kwenye tope, akalia kwa furaha.

Maji yalipopungua, aliwaalika wote watatu nyumbani. Tupokigwe akawapakatisha mtoto kwa zamu.

"Kwetu mtoto hubeba jina moja," akasema. "Nataka abebe la aliyeniokoa."

"Basi ni Lugano," Sekela akasema.

"Mimi? Ni Ipyana," Lugano akajibu.

Ipyana akatikisa kichwa. "Bila kidole cha Sekela ningerusha nini?"

Asajile akamtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye. Wao waliwapenda wote watatu sawasawa.

Mtoto bado anaitwa Mtoto. Nanyi mliosikia yote, mngempa jina la nani?