Rejeta ya Mzee Shekiondo

Ndugu zangu, mliokaa juani hapo mlangoni sogeeni ndani, nafasi ipo. Sitawachosha. Leo nitaanza na habari ya gari, na mwisho tutaona imetufikisha wapi.

Kulikuwa na bwana mmoja pale Mombo, chini ya mlima, tumwite Mzee Shekiondo. Alikuwa karani mkuu wa shamba la mkonge mpaka alipostaafu, na neno lake mjini lilikuwa kama mhuri. Akisema jambo, watu hawakuuliza mara ya pili. Mzee huyu alikuwa na gari la mbio la zamani, jekundu, milango miwili, viti viwili tu. Alilinunua kwa meneja mmoja wa shamba aliyekuwa anaondoka nchini, akalitunza miaka zaidi ya ishirini. Siku ya Idi akiliegesha nje ya msikiti, watu humwomba afungue boneti waone injini, naye hufungua. Husimama pembeni mikono nyuma, anawasikiliza wanavyosifu. Nani kati yetu asingefungua?

Sasa rejeta ya gari lile ikachoka. Kwa msiojua magari, rejeta ndiyo inayopoza maji yanayozunguka kwenye injini. Ikishindwa kazi, gari linachemsha, na ukilazimisha kwenda, injini inaungua. Ya Mzee Shekiondo ilikuwa imelehemiwa mara nyingi hata hapakubaki pa kulehemu. Na zilikuwa zimebaki wiki mbili tu Sauda, binti wa marehemu dada yake, aolewe Lushoto. Mzee ndiye aliyemlea Sauda tangu mtoto ana miaka sita. Alikuwa amemwahidi: siku ya kwenda kwa mumeo, nitakupandisha mlima mimi mwenyewe, kwa gari langu.

Akaenda kwa Fundi Singano. Huyu karakana yake ilikuwa turubai kando ya barabara kuu, na benchi moja la wateja kusubiri. Mtu wa maneno machache. Mabasi yote yaliyokuwa yanapanda mlima ule yalipita mkononi mwake, na wenye basi walikuwa wakisema, Singano akikuambia nenda, nenda.

Fundi akaweka rejeta mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya shaba, nzito, aliyoitoa kwenye gari la aina ile ile lililokufa Korogwe. Alikuwa ameifungua, akaisafisha mirija yote, akaifunga upya na kuipaka rangi nyeusi. Haikuwa na sura ya kupendeza. Ya pili ilikuwa mpya, ya alumini, inang'aa kama sufuria ya bi harusi.

Mzee akaiinua ile mpya, akaigeuzageuza. "Hii," akasema. "Hii ikikaa mbele ya injini, mtu akifungua boneti ataona kitu."

Fundi akafuta mikono. "Mzee, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya gari la injini ndogo. Ina safu moja ya mirija. Hii nyeusi ina safu tatu."

"Lakini hiyo nyeusi ni kuukuu."

"Ni kuukuu, ila ni ya injini hii. Hapa bondeni hiyo mpya itakutembeza bila shida. Mlimani gari litachemsha. Mimi nisingekufungia hiyo."

"Fundi, gari ni la nani?"

Singano akaisogeza ile nyeusi pembeni. "La kwako, Mzee."

"Basi nifungie hii."

Akamfungia. Kabla ya kufunga boneti akasema neno moja tu zaidi: "Ukipanda, angalia kimshale cha joto. Kikifika nusu, simama upumzishe. Usione aibu kusimama." Mzee akacheka, akamshukuru, akaondoka.

Siku ya harusi ikafika. Ndoa ilifungwa Mombo baada ya adhuhuri, na msafara ukaanza kupanda. Mbele kabisa gari jekundu, Mzee kwenye usukani, Sauda pembeni yake katika nguo zake za harusi. Nyuma yao magari saba ya ndugu na jamaa. Njia ile mnaijua, au mmeisikia: kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Kila penye nyumba watu walisimama wakapunga mikono.

Hawajafika mbali, kimshale kikapita nusu. Mzee alikiona, na maneno ya fundi aliyakumbuka. Lakini asimame vipi, ndugu zangu? Magari saba nyuma yote yasimame, watu washuke, waulize kuna nini, na yeye ndiye aliyewaambia wote kwamba gari hili halijawahi kumwangusha? Akasema moyoni, bado kidogo.

Sauda naye alikuwa na macho. "Mjomba, mbona hicho kimshale kimeingia kwenye nyekundu?"

"Hicho kimeharibika siku nyingi, mwanangu. Usikitazame."

Akaendelea. Kabla kidogo ya kufika Soni, mvuke ukafumuka kwenye boneti, kioo chote kikawa cheupe. Injini ikagonga mara mbili, tatu, ikazima. Haikuwaka tena siku ile, wala mwezi ule. Na soni kwa Kiswahili mnajua ni nini: ni aibu.

Wale wa nyuma walikuwa wamejazana magarini hakuna pa kumweka bi harusi. Ikapita pikapu ya kabichi inayorudi Lushoto na magunia matupu, dereva akajitolea. Sauda akapandishwa mbele, kando ya dereva, na nguo zake akazikunja mapajani zisishike grisi. Ndivyo alivyofika kwa mumewe. Hakulia wala hakulalamika. Alipofika akashuka, akawapa wakwe zake mkono.

Mzee Shekiondo akafika nyuma, amebanana kwenye gari la shemeji. Uani kwa bwana harusi wanaume wakamzunguka. Poleni, Mzee. Kulikoni? Gari zuri kama lile?

Hapo, ndugu zangu, kulikuwa na jibu fupi la kweli. Maneno mawili: nilichagua vibaya. Angeyasema watu wangemcheka kidogo, wangemkaribisha pilau, yangekwisha. Lakini alitazama zile nyuso, akaona anavyotazamwa, na ulimi ukamtangulia.

"Fundi Singano," akasema. "Nilimwamini, kumbe kanifungia rejeta mbovu."

Ikawa imetoka. Na kauli ile ilishuka mlima kabla yake yeye mwenyewe.

Jumatatu yake, mwenye basi mmoja akapeleka rejeta yake Korogwe. Wiki iliyofuata wakapeleka wawili. Kwenye baraza la kahawa watu wakawa wanasema, kama amemfanyia Mzee Shekiondo, sisi atatufanyia nini? Singano alisikia. Hakwenda kwa mtu kujitetea. Akawa anafungua turubai asubuhi, anakaa kwenye lile benchi la wateja peke yake, na alasiri anafunga. Mkewe akaanza kuuza vyombo vya nyumbani.

Ikapita miezi mitatu. Siku moja alasiri, Sauda akiwa ameteremka kuja kumsalimu mjomba wake, wakasikia hodi. Ni Singano, amebeba ile rejeta nyeusi begani. Mzee akasema moyoni, sasa yamenifika. Amekuja kunitukana nyumbani kwangu, mbele ya mwanangu.

Fundi akaitua taratibu barazani. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Fundi. Karibu."

"Sikai. Kesho tunahama, tunarudi kwetu Handeni. Hii hapa haina gari lingine la kuifaa. Ukipata kuitengeneza injini yako, ifunge."

"Nikupe nini?"

"Usinipe kitu. Ninaiacha ilipo kazi yake."

Mzee alitaka kuuliza kwa nini anahama, lakini jibu alikuwa nalo. Akasema tu, "Fundi, watu wanasema mengi."

"Wanasema ulivyowaambia, Mzee." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja kipimo cha bomba. Akamuaga Sauda, akashuka ngazi, akaenda zake.

Mzee Shekiondo alibaki amesimama. Sauda akaweka kikombe cha chai chini. Alikuwa hajawahi kumjibu mjomba wake neno tangu utoto.

"Mjomba," akasema, "mimi nilikuona. Ulikuwa unakitazama kile kimshale tangu tulipoanza kupanda."

Na mzee yule, aliyezoea watu kusimama akipita, hakuweza kumtazama mtoto aliyemlea. Aliinamisha kichwa akawa anaangalia sakafu. Asubuhi alikwenda mpaka kwenye turubai. Akakuta vishimo vinne vya nguzo tu.

Ijumaa, baada ya swala, akasimama. "Ndugu zangu, nina neno. Fundi Singano alinikataza kuchukua rejeta ile, na kunionya alinionya. Mimi niliichagua kwa sababu inang'aa. Na mlimani niliona gari linachemsha, nikaendelea kwa kuogopa kuchekwa. Kisha nikamsingizia yeye. Nimesema uongo, na mtu amehama mji kwa uongo wangu."

Akangoja. Alitegemea minong'ono, alitegemea watu wagune, pengine mmoja anyanyuke atoke. Msikiti ukawa kimya. Na kimya kile kilikuwa cha ajabu, maana watu hawakuwa wanamtazama yeye. Walikuwa wanatazama mikeka.

Mwisho mwenye basi mmoja, Bwana Kihiyo, akasema kutoka safu ya pili: "Mzee, tulijua."

"Mlijua nini?"

"Siku ile mimi nilikuwa kwenye benchi, nasubiri rejeta ya basi langu. Nilisikia kila neno alilokuambia."

Mwingine akasema, "Na mimi nilikuwepo." Na wa tatu, ambaye hakuwepo, akasema alihadithiwa jioni ile ile.

Mzee Shekiondo akawageukia. "Sasa mbona hamkusema?"

Kihiyo akakuna shingo. "Mzee, nani angesimama akuambie wewe kwamba unasema uongo?"

"Na mabasi yako ukayapeleka Korogwe?"



Ndugu zangu, mpaka hapa nimewaona mnatikisa vichwa kumsikitikia Mzee Shekiondo. Ametukera, sivyo? Mtu mzima na heshima zake, anaharibu mkate wa mwenziwe kwa ajili ya kitu kinachong'aa. Lakini hesabuni vizuri. Mji ule ulikuwa na mwongo mmoja. Waliojua ukweli walikuwa wangapi? Uongo wa mtu mmoja usingeweza kumhamisha Singano. Kilichomhamisha ni adabu yetu. Tuliona haya kumsahihisha mkubwa, hatukuona haya kumwacha mdogo aangamie. Haya gani hiyo? Nani alitufundisha?

Mtaniuliza mwisho wake. Mzee Shekiondo na Kihiyo walipanda basi mpaka Handeni, wakamkuta Singano anapalilia mahindi. Aliwapa maji, aliwapa kivuli, akawasikiliza mpaka wakamaliza. Akasema, "Nimewasamehe, na Mwenyezi Mungu atusamehe sote." Wakamwomba arudi. Akawaambia, "Kurudi, hapana. Mke wangu hawezi tena kupita sokoni kule." Wakarudi wawili kama walivyokwenda. Msamaha wameupata, fundi hawakumpata.

Na mimi ninayesema nanyi, nisijifiche nyuma ya Mombo. Mwaka jana, kwenye msiba mmoja hapa hapa kwetu, tulikuwa tumezunguka sinia, mtu mmoja mkubwa akasema kwamba yule mama anayetuuzia maziwa, Bi Mwanahawa, huchanganya maji. Ndugu zangu, maziwa ya Bi Mwanahawa mimi nayanywa kila siku mwaka wa kumi na moja. Najua yalivyo. Niliinamisha kichwa nikaendelea kula wali. Nyumba nne pale zimeacha kununua kwake. Yeye bado ananiamkia kila asubuhi kwa heshima, ananiita Sheikh, na mimi naitikia.

Aibu hiyo nimekaa nayo mwaka mzima, na naona haitoki kwa kukaa nayo. Kila mmoja wetu humu anamjua mtu wake, aliyesemwa uongo sisi tukiwa tumekaa tunasikia. Jina lake limeshakujia, usilifukuze. Tukitoka hapa, mimi naanza na zile nyumba nne, mlango kwa mlango, halafu nakwenda kwa Bi Mwanahawa. Wewe unakwenda kwa nani?