Mstari Uliotembea Tumboni

Kaeni tuamue kesi, na asiyeweza kusema wazi anyamaze.

Kyela walikuwepo watu watatu. Subilaga alikuwa na jicho: hata kijiko kikihama, anajua. Anyelwisye alikuwa na kumbukumbu, na mdomo usioogopa mtu. Mwaijande wa maabara alikuwa na subira.

Ambakisye, mume wa Subilaga, mkulima wa mpunga, alipewa figo na dada yake Tumwimbile. Akawa anameza dawa za kushusha kinga, mwili usije ukaikataa. Mwezi wa tatu baada ya kupewa figo, tumbo likamuuma, ngozi ikamwasha. Akalazwa. Akaapa: "Atakayeniokoa, mtamba wangu ni wake." Ng'ombe mwingine hakuwa naye.

Subilaga akimwogesha aliona mstari mwekundu karibu na kitovu. Akauwekea alama ya kalamu mwishoni. Aliporudi kutoka kufua, mstari umeipita alama vidole vitatu.

"Baba Tusa," akamwambia mumewe, "hiki kitu kinatembea."

Daktari akasema ni mzio, akaandika sindano ambayo ingeishusha kinga zaidi.

Anyelwisye, aliyekuja kumjulia hali rafiki yake, akaziba mlango. "Ngoja kwanza, daktari. Mistari hii tuliipata sote tukipanda mpunga peku. Minyoo."

"Lini?"

"Miaka ishirini iliyopita."

"Mbona mgonjwa alisema hajawahi kuugua minyoo?"

Ambakisye hakudanganya. Kwao muwasho wa shambani si ugonjwa, ni salamu ya tope.

"Mpime," alisema Anyelwisye. "Ukinikuta mwongo, nifukuze."

Sindano ikasubiri. Mwaijande akapima choo siku ya kwanza, hola. Ya pili, hola. Wenzake wakamcheka, "Unatafuta dhahabu?" Ya tatu akamwona mtoto wa mnyoo akijinyonganyonga chini ya hadubini. Minyoo ilikuwa imelala miaka yote. Kinga iliposhuka, ikaamka. Dawa ikapatikana, Ambakisye akapona, na figo yake.

Akawaita nyumbani, kamba ya mtamba mkononi.

"Bila jicho langu mngepima nini?" alisema Subilaga.

"Shemeji, wewe mtamba unamkamua tayari kwa mawazo," alisema Anyelwisye. "Bila mdomo wangu sindano ingeshaingia."

"Na bila mimi," alisema Mwaijande, "ungekuwa mwongo mpaka leo."

"Basi nimchinje, tugawane," alisema Ambakisye.

"Uliapa mtamba, hukuapa nyama," wakamjibu wote watatu.

Tumwimbile, aliyekuwa kando akipeta mchele, akainua uso. "Kaka, na hiyo figo waliyoiokoa ilikuwa ya nani?"

Ambakisye bado amesimama, kamba inamkata kiganja. Wewe uliyesikia yote, mtamba ungemkabidhi nani?