Jezi Kavu na Kibamba cha Mwisho

Hapo zamani, gari-moshi lilipokuwa bado linakula kuni, palikuwa na stesheni iliyoitwa Kilangwe. Kando ya stesheni palikuwa na karakana ya kutengenezea mabehewa, na watu wa karakana walikuwa na timu ya mpira. Timu yenyewe iliitwa Karakana, bila nyongeza yoyote.

Na pale Kilangwe palikuwa na ngao ya kushindaniwa. Ilikuwa ya mti wa mvule, na ukingoni mwake ilizungukwa na vibamba kumi na viwili vya shaba. Mkaguzi wa reli aliyeitoa aliweka sharti moja: timu itakayoshinda ichonge kwenye kibamba kimoja jina la mtu aliyeleta ushindi. Si jina la timu. Si majina ya wachezaji kumi na mmoja. Jina moja, la mtu mmoja. Vibamba vikijaa, ngao itatundikwa ukutani stesheni na haitateremshwa tena, ili kila apandaye na kila ashukaye ayasome majina yale. Mwaka huo ninaousimulia, vibamba kumi na kimoja vilikuwa vimekwisha kuchongwa. Kilibaki kimoja.

Watu wa Karakana walikuwa na desturi yao. Walikuwa watu wa moto na chuma, na kazi waliipima kwa jasho. Kwa hiyo kila mchezo ulipokwisha, kabla wachezaji hawajaoga, mwenyekiti wao, Mzee Hizza Shekalaghe, aliketi kwenye kigoda, akaletewa jezi moja moja, akazikamua juu ya kikombe cha bati. Mvua ikinyesha hawakukamua. Walisema leo Mungu amejaza vikombe vyote. Ambaye jezi yake ilitoa jasho kuliko za wenzake aliitwa Baba wa Kikombe. Alikula kwanza, na mwaka wa ushindi jina lake ndilo lililochongwa.

Kwa miaka minne Baba wa Kikombe alikuwa Stanslaus Mhagama, mchochea moto wa gari-moshi. Alicheza katikati. Nafasi ile siku hizo tuliiita senta hafu. Siku hizi inaitwa kiungo, nami nitalitumia neno la siku hizi. Mhagama alikimbia kutoka goli hadi goli. Alinyang'anya mipira kama mwewe anyakuavyo vifaranga. Lakini akishaunyang'anya mpira, aliupiga popote miguu ilipopenda. Jina lake halikuwemo kwenye ngao, kwa maana katika miaka hiyo minne alikijaza kikombe kila wiki, na Karakana haikuchukua ngao hata mara moja.

Kisha akahamishiwa Kilangwe mtu mmoja, Anzuruni bin Farijala. Wengine walimwita Anzuru, wengine Zuruni. Yote mawili ni makosa. Kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo ya mpini mrefu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama chungu. Alikuwa mtu wa kusikiliza, basi, na aliposhika mpira alicheza vivyo hivyo, kwa utulivu, kama mtu anayengoja sauti ifike.

Siku ya kwanza aliyocheza, Mzee Hizza aliipokea jezi yake. Akakamua, akatazama. Halikutoka tone. Akaigeuza ndani nje, akakamua tena. Halikutoka tone.

"Kijana," akauliza, "hii jezi uliivaa au uliitundika?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo. Akakamua, akatazama, halikutoka tone. Wiki ya tatu wakamweka pembeni, kwenye winga ya kulia, asije akawaharibia katikati.

Mjadala ukahamia langoni mwa karakana, kwenye uji wa Bi Mashavu binti Kondo. Kila asubuhi, kengele ya mapumziko ikilia, washabiki walikwenda pale na vibakuli vyao, na kabla uji haujapoa walikuwa wamekwisha kugombana.

"Hakimbii," alisema Nassoro Kiobya, fundi wa boila. "Hapigi kichwa. Mguu wake wa kushoto ni wa kupandia ngazi tu. Yule si mchezaji, jamani. Yule ni mtazamaji aliyepotea njia akaingia uwanjani."

"Lakini pasi zake, Nassoro!" alijibu Kasiani Mbele, mchonga vibao vya mabehewa. "Mpira wake ukikufikia, unatua kama umewekwa kwa mkono."

"Ukikufikia! Jumamosi amepiga mara tatu mahali pasipo na mtu. Anampasia nani, majini?"

"Na Mhagama wako je? Ananyang'anya mipira ishirini, anawarudishia wenyewe kumi na tisa."

"Jasho halisemi uongo!"

"Hata punda hutoka jasho, kaka, na hatujamchonga kwenye ngao."

Bi Mashavu akaweka upawa chini. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kukosa mchezo hata mmoja wa Karakana.

"Nyinyi wanaume," akasema, "mnautazama mpira. Mchezaji hamumtazami. Mimi michezo minne nimemkazia macho Anzuruni peke yake. Hata magoli nimeyasikia kwa kelele tu. Kabla mpira haujamfikia, hugeuza shingo mara mbili, kulia na kushoto. Ukimfikia, amekwisha kuona. Hapigi mahali pasipo na mtu. Anapiga mahali mtu atakapokuwa, ila mtu wetu hafiki."

"Basi tufanyeje, mama?" Kasiani akauliza.

"Mwekeni katikati. Mhagama apelekwe winga ya kulia. Ndiye pekee mwenye miguu ya kufika."

Mzee Hizza, aliyekuwa akinywa uji wake, akainua kichwa. "Mashavu, fainali na Mkonge ni Jumapili. Kibamba ni cha mwisho. Unataka tumtoe katikati Baba wa Kikombe? Tukishindwa je?"

"Mkishindwa, sufuria hili mtaliona linaondoka hapa langoni, na mimi nyuma yake. Nimewapikia miaka kumi na saba. Sitarudi."

"Nimesikia," akasema Mzee Hizza. "Na wote wamesikia."

Wakamwendea Mhagama. Kila mtu alijua kwamba akikataa, nusu ya timu itakataa pamoja naye. Mhagama akaichukua jezi ya katikati, ile yenye mkanda mweupe kifuani, akaipitisha mikononi.

"Nina miaka minne ndani ya kitambaa hiki," akasema. "Mkinitoa katikati leo, mnanitoa kwenye ngao." Kisha akamtupia Anzuruni ile jezi. "Haya, ndugu yangu, vaa. Lakini ukiniacha kule pembeni nisimame kama nguzo ya simu, nitakutafuta."

Jumapili ikafika. Mkonge ilikuwa timu ya mashamba ya katani, mabeki wake warefu, na golikipa wao hakuwa amefungwa zaidi ya goli moja katika mchezo wowote mwaka ule. Kabla ya mapumziko wakaifunga Karakana goli moja. Na Anzuruni? Mara ya kwanza alipiga pasi mahali pasipo na mtu. Mara ya pili alipiga pasi mahali pasipo na mtu. Mara ya tatu alipiga pasi mahali pasipo na mtu, na mpira ukatoka nje taratibu, na Nassoro akageuka akapiga kelele, "Bi Mashavu! Sufuria limepoa? Tukusaidie kubeba?"

Bi Mashavu alikuwa amemkazia macho Anzuruni.

Wakati wa mapumziko Mhagama alimkabili Anzuruni, jasho likimtiririka kidevuni. "Unampigia nani?"

"Wewe."

"Mimi sikuwepo pale!"

"Najua. Mpira ulikuwepo." Anzuruni alisema polepole, kama kawaida yake. "Unaungoja upigwe ndipo ukimbie. Usiungoje. Usiutazame mpira, wala usiutazame mguu wangu. Ukiona bega langu la kushoto limeshuka, kimbilia upande wa bendera ya kona. Utaukuta."

"Na nisipoukuta?"

"Utaukuta."

Kukimbia Mhagama alikujua. Kukimbilia mahali ambapo mpira haujakwenda, mbele ya watu wote wa Kilangwe, hilo hakuwahi kulifanya.

Kipindi cha pili kikaanza. Bega likashuka. Mhagama akasita hatua moja, kisha akaondoka. Alipofika mpira ulikuwa unamngoja, umepunguza mwendo kama mnyama aliyefugwa. Akapiga. Likaingia; sasa goli moja kwa moja.

Watu wakashangilia, lakini wengi walisema ni bahati.

La pili ndilo lililowaziba vinywa. Zilikuwa zimebaki dakika chache. Anzuruni alipokea mpira akiwa ameligeuzia goli la Mkonge mgongo. Mabeki watatu walikuwa nyuma yake. Hakuinua kichwa, alikuwa amekwisha kuona. Bega likashuka, na mguu wa kulia ukaupitisha mpira katikati ya wale watatu, kwenye njia nyembamba ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo mpaka mpira ulipopita. Ukaelekea kwenye nyasi tupu. Washabiki wa Mkonge wakaanza kucheka. Kicheko hakikwisha. Mhagama alikuwa ameondoka kabla mpira haujapigwa, na yeye na mpira walifika mahali pale kwa wakati mmoja, kama watu wawili walioahidiana. Akapiga kwa nguvu zake zote za miaka minne, na wavu ukafuka vumbi.

Hakuna aliyeshangilia. Nimeona michezo mingi tangu siku ile, na sijasikia tena kimya cha namna hiyo. Watu elfu mbili walisimama mikono vichwani. Kisha sauti moja ikasema, "Subhana Llah," na hapo ndipo uwanja ulipolipuka. Kipenga cha mwisho kilipolia, beki mmoja wa Mkonge hakwenda kwa wenzake. Alirudi mahali alipokuwa amesimama, akaweka nyayo zake pale pale, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatikisa kichwa.

Wakaja kwenye kigoda. Mzee Hizza akaikamua jezi ya Mhagama. Kikombe kikajaa, kikafurika, ikabidi kiletwe cha pili. Akaikamua jezi ya Anzuruni. Akakamua, akatazama. Halikutoka tone. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Hizza akaikunja ile jezi vizuri, akaiweka magotini.

Kasiani Mbele akaleta patasi na nyundo ndogo, akailaza ngao mezani. "Mwenyekiti," akasema, "nichonge nani?"

Nassoro akainua kikombe. "Desturi inajulikana! Kimejaa mara mbili!"

Mhagama akasimama. "Mimi nadai," akasema. "Magoli mawili nimefunga mimi. Jezi ya katikati niliitoa mimi. Ningeikataa, fainali hii isingechezwa kama ilivyochezwa. Na pasi isiyofikiwa ni mpira uliopotea tu. Mliziona tatu zikipotea. Nilikimbilia mahali pasipo na kitu kwa kumwamini mtu. Nani mwingine hapa angekimbia?"

Anzuruni akasimama. Hawakuzoea kumsikia akisema mbele ya watu. "Mhagama amekimbia miaka minne, na ngao haikuja," akasema. "Jasho lilikuwepo tangu zamani; pa kulipeleka ndipo palipokosekana, na leo mimi nimemwonyesha. Nami nina neno jingine. Baba yangu, Farijala bin Songoro, alikufa akiijenga reli hii, kwenye daraja mnalolivuka kila siku. Jina lake halikuandikwa popote. Langu likichongwa, Anzuruni bin Farijala, la kwake litachongwa nyuma ya langu."

Wengi waliinamisha vichwa. Ndipo Bi Mashavu alipojifunga khanga kiunoni akaja mbele.

"Anzuruni aliona nafasi uwanjani," akasema. "Sikatai. Na yeye nani alimwona? Mlikaa naye mkimcheka, mkimgeuzia jezi ndani nje. Tungeshindwa leo, Mhagama angerudi kwenye moto wake kesho, na Anzuruni kwenye magurudumu yake. Mimi ningerudi wapi? Sharti la ngao linasema mtu aliyeleta ushindi. Mwulizeni Mzee Hizza kama nimekosea. Halisemi mwenye jezi."

"Hujakosea," akasema Mzee Hizza.

Akakitazama kikombe kilichofurika. Akaitazama jezi kavu magotini pake. Akamtazama mwanamke aliyeweka riziki yake rehani kwa ajili ya shingo ya mtu iliyogeuka mara mbili. Shaba si ubao wa chaki. Kibamba kikichongwa kimechongwa, na baada ya pale ngao isingeteremshwa tena.

Jina lililochongwa nalijua, na kila herufi yake naijua. Sitalitaja mpaka nisikie kwanza kwenu. Patasi iko mkononi mwa Kasiani, kibamba ni kimoja, na wote watatu wamesimama mbele ya meza wakingoja. Mmoja aliliona jicho, mmoja aliiona njia, mmoja alikimbia akiwa hajaona kitu. Je, nyinyi mnaonisikiliza, lichongwe jina la nani?