Pimbi na Maji ya Mchangani

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na majiko na milango kama sisi, mvua ilikataa kunyesha. Mto ukakauka, ukabaki mchanga mtupu. Maji yalisalia katika bwawa moja tu, na bwawa hilo Tembo akalitwaa.

Alikaa katikati akaoga, akajipaka tope, na kila aliyekuja na kibuyu alimfukuza.

"Tuna watoto, Bwana Tembo," alisema Pimbi, mnyama mdogo asiyemfikia hata goti.

"Na mimi nina mwili," Tembo akajibu. "Nenda zako."

Pimbi akarudi nyumbani. Mwanawe alikuwa amelala mkekani, midomo imempasuka. Kulipopambazuka, mama akaburuta kanga yake juu ya majani yenye umande mpaka ikalowa, akamkamulia mtoto kinywani. Ndo, ndo, ndo. Mtoto akafumbua macho, akaomba tena, na umande ulikuwa umekwisha.

Sasa, kuna jambo Pimbi alilijua. Kwenye kona ya mto matete yalikuwa bado mabichi, na matete hayawi mabichi bila maji. Alikwisha kujaribu kuchimba pale. Alichimba mpaka kucha zikamuuma, na mchanga ukaporomoka ukalijaza shimo. Palitaka miguu mikubwa.

Basi akachukua mtungi mtupu, akauzungushia ile kanga iliyolowa, akaubeba kichwani, akapita kando ya bwawa huku akiimba.

Tembo akainua mkonga. "Nasikia harufu ya maji. Umeyatoa wapi?"

"Maji gani, Bwana Tembo?"

"Usinifanye mtoto. Mtungi wako umelowa."

Pimbi akashusha sauti. "Nina mahali pangu. Nakuomba usinifuate. Maji ya huko ni ya baridi, tena maangavu, si kama hayo yako."

Tembo akayatazama maji yake. Yalikuwa mazito kama uji. Akatoka bwawani, maji yakimtiririka, akamfuata Pimbi mpaka kwenye matete.

"Yako hapa chini, lakini usichimbe, tafadhali," Pimbi akasema.

Tembo akachimba. Tifu, tifu, tifu. Mchanga ukaruka juu, shimo likawa refu, maji yakaanza kuchuruzika, kwanza machafu, kisha safi. Akanywa huku amefumba macho.

"Haya, chukua kisima hiki," Pimbi akasema kinyonge. "Ila pale mbele, penye lile jiwe jeupe, niachie. Pale ndipo patamu."

"Ungenyamaza," Tembo akamwambia, akaenda kuchimba penye jiwe. Alipomaliza, Pimbi akamsihi asiguse chini ya mkwaju. Akachimba na hapo.

Alipogeuka nyuma, Swala na wanawe, waliovutwa na kishindo, walikuwa kwenye kisima cha kwanza, wanajaza vibuyu. Akawakimbilia. Huku nyuma Ngiri akateremkia cha pili. Akamkimbilia Ngiri, Nungunungu akateka cha tatu. Mwanawe Pimbi, aliyeletwa na wanawe Swala, alikuwa kwenye matete, amezamisha uso wote majini.

Tembo akasimama, anahema. "Bi Pimbi, umenichimbisha."

"Nimekuchimbisha, bwana. Mtungi haukuwa na kitu. Sasa utakaa juu ya kisima kipi?"

Tembo akatazama huku, akatazama kule. Wanyama walikuwa wanarushiana maji na kucheka, na Swala mmoja mdogo akamrushia na yeye, chwa, usoni. Hakuna aliyewahi kucheza naye tangu alipolitwaa bwawa. Akajaribu kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka masikio yakapepea.

"Mkwajuni hapajawa parefu," akasema. "Sogeeni niongeze."

Ndivyo ilivyokuwa, watoto wangu: anayetaka maji yote yawe yake peke yake, huishia kuwachimbia wenzake visima.