Kibao cha Mwalimu Kiboko

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado wanakwenda shule, jua liliwaka mpaka mito yote ikakauka. Kilibaki kisima kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya ua wa shule ya Mwalimu Kiboko. Sogeeni karibu, hadithi hii haichekeshi sana.

Kiboko alikuwa na sheria zake. Anayetaka maji asome kwanza Kiingereza. Na ndani ya ua, anayetamka neno la lugha ya nyumbani anavishwa kibao shingoni, na hanywi hata tone mpaka amnase mwenzake akikosea vilevile, amvishe yeye.

"Hata mimi nikikosea, nivisheni!" alijigamba siku ya kwanza, akiwa bado nje ya ua, mbele ya wote.

Siku moja akaandika ubaoni sentensi fupi ya Kiingereza, maana yake kiboko anakaa, akajionyesha mwenyewe, akachuchumaa, akainuka. Akagonga ubao kwa fimbo, ko! ko!

"Sabjekti! Vabu! Mmeelewa?" aliuliza kwa Kiingereza chake.

"Yesi, ticha!" waliitikia wote, Nyati akiwapita kwa sauti.

Hakuna aliyeelewa hata chembe. Ndivyo walivyozoea: ticha akiuliza, unaitikia, yanaisha.

Sasa, kulikuwa na Bi Digidigi, mdogo, miguu myembamba. Nyumbani alimwacha mwanawe amelala, midomo imepasuka kwa kiu. Yeye alitaka kuelewa kweli, apewe maji, aende zake. Akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu, hiyo sabjekti ni kitu gani?"

Chwap! Kibao shingoni. Kosa lake lilikuwa kuuliza, na mimi linaniuma mpaka leo.

Akakaa nacho, akisubiri mwingine ateleze. Wapi! Wote waliingiwa na woga, wakanyamaza kabisa. Nyati alimkanyaga Punda kwato, nyaka! Punda alitoa macho, machozi yakamchuruzika, na hakusema kitu.

Jioni Bi Digidigi alirudi nyumbani mikono mitupu.

"Mama, maji."

"Kesho, mwanangu."

"Jana pia ulisema kesho, mama."

Bi Digidigi aligeukia ukutani, akalia.

Asubuhi aliwahi shuleni kabla ya wote, kibao bado shingoni, kibuyu begani. Chini ya ubao palikuwa na shimo la siafu. Akalifunika kwa majani makavu, akayapanga vizuri kama anamtandikia mgeni.

Kiboko alipoingia, Bi Digidigi alinyoosha mkono juu, juu kabisa, akakariri ile sentensi ya ubaoni.

"Ticha! Zi hipo sits!" Akaonyesha majani, akainama kwa heshima.

"Veri gudi!" Kiboko akavimba kwa furaha. Akaligeukia darasa, awaonyeshe kwa vitendo: akajipiga kifua, "Sabjekti!", akaonyesha majani, "Vabu!" Akajishusha na matako yake yote. Puuu!

Halafu:

"Yalaaa! Mama weee! Nakufa! Mama yangu, nakufa mimi!"

Ngozi ya kiboko ni nene, lakini siafu wanajua pa kuingilia. Na wakishaingia, hakuna anayemwita mama yake kwa Kiingereza, hata awe ticha.

Bi Digidigi akaruka, chwap! Kibao kikaning'inia kwenye shingo ya Kiboko. Mwalimu akajiziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Akajikokota mpaka pembeni ya ua, akijikuna na kugumia.

Bi Digidigi akateka maji, akajaza kibuyu pomoni. Angeweza kuondoka. Mlangoni mwa ua akageuka, akawaona wenzake wamesimama palepale, ndimi nje, wanayatazama maji. Akawaashiria kwa kichwa. Hawakusogea. Akapiga kwato chini, ti! ti! Wapi!

Roho haikuvumilia.

"Jamani, njooni mnywe! Sabjekti ni yule aliyekaa, vabu ni kule kukaa kwake, basi! Mnaogopa nini?"

Walielewa, watoto wangu. Kwa mara ya kwanza walielewa, na nyuso zao zilionyesha. Lakini hakuna aliyepiga hata hatua. Na Nyati, mwenye pembe za kumrusha Kiboko nje ya ua, aliinua kwato akamwonyesha mwalimu alipo Bi Digidigi.

"Ahaa!" Kiboko akaja mbio, akamvika kibao, akamnyang'anya kibuyu na kukimimina chini. Gubu, gubu, gubu. Udongo ukanywa yote.

Wenzake walitazama chini.

Bi Digidigi alifika nyumbani, akapiga magoti karibu na mwanawe. Akamwita. Akamtikisa, akamwita tena. Mtoto hakuitika, na hakuomba maji tena.

Funzo ni hili: ukielewa kisha ukanyamaza kwa woga, umemsaidia aliyekufunga mdomo.