Sekunde Kumi na Mbili za Kombo Dhahabu

Kombo Dhahabu, mwanamuziki aliyejaliwa kila kitu isipokuwa haya, alisikia wimbo wake kwa sekunde kumi na mbili ndani ya filamu fupi ya mwanafunzi mtandaoni. Akatinga chuoni Tanga na wakili wake, kavaa miwani ya jua na mvua inanyesha.

"Ifute leo hii," alimwambia Mwanakheri, mwenye filamu.

"Nikiifuta sihitimu, kaka. Labda nyimbo zimefanana tu?"

Kombo alimwonea huruma. "Huo ni wangu, neno kwa neno. Niliutunga mwaka juzi, peke yangu, bafuni."

"Na Mhina anayetajwa kwenye kiitikio?"

"Nimembuni mwenyewe."

"Basi niandikie hayo yote, mwalimu ayaone, nami nitafuta."

Kombo akajaza ukurasa mzima, hata bafu hakulisahau. Akatia sahihi, wakili akagonga mhuri.

Mwanakheri aliikunja karatasi taratibu, akaitia mkobani.

"Ahsante, kaka. Sauti ile nimeitoa kwenye kanda ya harusi ya mwaka themanini na nne, bibi yangu akimwimbia mumewe wimbo aliomtungia. Wote wawili wako hapo nje. Babu Mhina ana hamu sana ya kumwona aliyembuni."