Upande wa Mkasi

Sinia halifichi mgonjwa. Mmeisikia methali hiyo, mnataka kujua imetoka wapi. Ilitoka katika nyumba moja ya Muheza, na haikuanza kwa hekima. Ilianza kwa upungufu wa sahani.

Bi Mwanahawa na mumewe walikuwa na watoto wawili, Mkasi wa miaka kumi na mitano na mdogo wake, Kombo. Kila mtu alipakuliwa chakula chake. Mkasi alibeba sahani yake chumbani, akidai ana masomo, na kila mara ilirudi tupu. Mama akaridhika. Kwamba binti alikuwa akikonda na kushikwa na kizunguzungu, alisema ni mambo ya umri.

Siku moja jirani aliazima sahani zote kwa ajili ya arusi. Bi Mwanahawa akapakua wali, maharage na mchicha kwenye sinia, wote wakakaa mkekani. Kwenye sinia kila mtu hula upande wake. Kuvuka ni utovu wa adabu.

Walipomaliza, pande tatu zilikuwa tupu. Upande wa Mkasi wali ulikuwa umesimama vilevile.

"Dada, huo mlima anapanda nani?" Kombo akauliza.

Baba akacheka. Mama hakucheka.

"Mkasi, umekula matonge mangapi?"

"Nimeshiba, mama."

"Nimeuliza mangapi."

"Mawili."

"Na kile cha chumbani kila siku?"

Mkasi akainamisha kichwa. "Nawatupia kuku dirishani."

"Ndiyo maana jogoo hawezi hata kukimbia!" Kombo akadakia.

"Nyamaza wewe!" Mama akamgeukia Mkasi. "Kwa nini, mwanangu?"

"Shuleni wananiita pipa."

Kesho yake zahanati walimpima. Damu ilikuwa pungufu sana. Mganga alisema wangechelewa mwezi mmoja tu, wangemleta amebebwa.

Bi Mwanahawa hakumlaumu mtoto. Alijilaumu mwenyewe: alikuwa akikagua sahani, hakumkagua binti. Tangu siku hiyo walikula pamoja kwenye sinia, na baba akapiga marufuku kutaja mwili wa mtu wakati wa kula. Mkasi alianza na matonge matatu, kisha matano. Siku nyingine alirudi kwenye mawili, wakamvumilia. Ilichukua miezi.

Mwaka uliofuata, jioni moja, Mkasi alikuwa akila dagaa kwa raha zake, mara akasita.

"Mama, kwako hakujaguswa."

"Nilionja jikoni."

"Jana pia ulionja jikoni?"

"Kula, wewe. Mimi mtu mzima."

"Mtu mzima ndiye anayejua kuficha," Mkasi akasema. "Lakini sinia halifichi mgonjwa, mama. Kesho tunakwenda zahanati, na mimi ndiye nitakayekupeleka."

Bi Mwanahawa alikuwa na vidonda vya tumbo, na alikuwa amenyamaza navyo wiki tatu. Alitibiwa, akapona, na maneno ya binti yake akayapeleka kwa majirani. Nao wakayapeleka mbele, mpaka yakatufikia sisi.

Kwa hiyo nikiwakataza kubeba sahani vyumbani, msiseme mama ana makelele. Nataka kuona upande wa kila mmoja wenu. Sinia halifichi mgonjwa.